Mtangazaji wa redio ya jamii haivi kwa semina ya siku mbili: niliyoyaona Dodoma kwenye sumukuvu, mvua za "wastani" na hati safi

Wakuu, habari za majukumu.

Humu nasoma sana, nachangia mara chache. Leo nimeamua kufungua uzi kwa sababu jambo hili limenikaa rohoni misimu kadhaa, na najua humu wamo waandishi, wamo mabwana shamba, na wamo wasikilizaji wanaotusikia kila siku bila kupata pa kutuambia tulipokosea. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Mimi ni mtayarishaji wa vipindi. Nilianza kwa kujitolea kwenye redio moja ya jamii mkoani Dodoma, na sasa sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwanoa vijana wanaoingia studio wakiwa na sauti nzuri na hamu kubwa, lakini hawajawahi kuikalia mada moja hadi waielewe.

Nianze na kosa letu. Tulialikwa semina ya sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka, siku mbili, hotelini mjini. Mtaalamu alikuwa mzuri, ila alizungumza lugha ya maabara, na sisi tukaandika tulichoweza kudaka. Siku ya pili mchana tukasaini posho, tukapiga picha ya pamoja, tukatawanyika. Kesho yake jioni mtangazaji wetu akafungua kipaza sauti akasema: "Wasikilizaji, mahindi yaliyooza na yenye ukungu yana sumu, msiyale." Sentensi fupi, imenyooka, kila mtu ameielewa. Na ndiyo iliyotuponza.

Kama wiki mbili baadaye nilikuwa kijijini, wilaya ya Chamwino, kwenye msiba. Asubuhi nikamkuta mama mmoja amekaa kwenye mkeka na gunia limefunguliwa mbele yake, anachambua. Punje zenye ukungu wa kijani anatupia kwenye ndoo, nyeupe zinabaki kwenye ungo. Nikamsalimu, nikamuuliza anafanya nini. Akanieleza kwa furaha kabisa kwamba anafuata maelekezo ya redio yetu: ya kwenye ndoo ni ya kuku, na kidogo atachachushia pombe, ya kwenye ungo ni ugali wa wajukuu. "Haya meupe si mmesema hayana neno?"

Hatukusema hivyo, lakini ndivyo alivyosikia, na sikuweza kumlaumu. Hakuna aliyemwambia kwamba sumukuvu yenyewe haionekani kwa macho wala haina ladha. Hakuna aliyemwambia kwamba kuchambua na kukoboa kunapunguza sana ila hakumalizi, kwamba moto wa jikoni hauiondoi, na kwamba ukiyapeleka kwa kuku au ng'ombe hujaitupa sumu, umeipitisha mlango mwingine, maana kwa ng'ombe inatokea hata kwenye maziwa. Nilisimama pale na kitambulisho cha redio shingoni, nikakosa la kusema.

Kwa mikoa yetu hili si somo la vitabuni. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara zilipata mlipuko wa ugonjwa uliotokana na sumukuvu. Watu 68 waliorodheshwa kuwa wameugua na 20 kati yao walifariki. Kondoa, Chemba, Kiteto, watu wanakumbuka: macho ya manjano, tumbo kujaa, kutapika. Mahindi ya shambani kwao wenyewe. Na hao ni wale waliokula sumu nyingi kwa muda mfupi. Anayekula kidogo kidogo miaka yote anajiwekea hatari ya saratani ya ini, na huyo hakuna mlipuko utakaomtangaza.

Baada ya lile tukio la mkekani tuliacha kufundisha kwa siku mbili. Tuliwachukua vijana watano tukawapa mada moja, sumukuvu, msimu mzima. Hakuna slaidi. Waliifuata punje ya hindi kutoka shambani mpaka kwenye sufuria. Shambani wakajifunza kwamba kuvu huyu anaanza kazi mapema, hindi likiwa bado kwenye bua, jua linapolikaba na wadudu wanapolitoboa, na ndiyo maana ukanda mkame kama wetu unaumia zaidi. Wakati wa kuvuna wakaona mahindi yameanikwa kwenye udongo mtupu, wakauliza bei ya turubai, wakaelewa kwamba "anika kwenye turubai" ni ushauri wenye gharama. Ghalani wakakuta magunia yamelala sakafuni yameegemea ukuta. Wakaenda soko la nafaka Kibaigwa kuuliza nani anapima unyevu kabla ya kununua na nani anaangalia rangi tu. Kila wiki kipindi kimoja, na kila kipindi kinaanza kwa kujibu simu za kipindi kilichopita.

Kipindi ninachokipenda kuliko vyote kilikuwa cha chupa na chumvi. Binti mmoja, mgeni kabisa studio, alikuja na chupa kavu ya kioo yenye mfuniko, punje za mahindi na chumvi kavu ya mezani. Njia yenyewe mabwana shamba wanaijua siku nyingi: unatia mahindi kiasi, unatia vijiko viwili vitatu vya chumvi, unafunga, unatikisa dakika chache, unaacha itulie. Chumvi ikinata kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yana maji, hayafai kuingia gunia. Ikishuka yote chini, unaweza kuendelea. Sasa redio haina picha. Binti akaisogeza chupa kwenye kipaza sauti, akaitikisa, kisha akanyamaza, akasema taratibu: "Naiinamisha. Chumvi imeganda juu huku, kama vumbi kwenye kioo cha basi la Kondoa. Haya mahindi nimeyatoa kwetu. Bado." Simu zililia hadi tukachelewa kuingia taarifa ya habari. Watu walitaka kujua chumvi ya mawe inafaa? Chupa ya plastiki je? Maswali ya mtu anayekwenda kufanya kweli.

Upande wa tarakimu nao una kazi yake. Kiwango kinachoruhusiwa kwenye mahindi ni mikrogramu 10 za sumukuvu yote kwa kilo moja. Mtangazaji akiisoma hivyo, hajasema kitu. Tuliwaachia vijana kazi ya kuitafsiri mpaka ikae kwenye gunia. Wakahesabu usiku kucha wakaja na hii: ni sawa na gramu moja ndani ya magunia elfu moja ya kilo mia. Gramu moja! Hapo ndipo hata mimi nilielewa kwa nini jicho haliwezi kuamua.

Nije kwenye mvua. Wilaya zetu zinategemea mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa mwelekeo inasema "wastani", "juu ya wastani", "chini ya wastani", au mchanganyiko kama "wastani hadi chini ya wastani". Sisi tulikuwa tunasoma taarifa kama ilivyo. Siku moja nikawauliza wazee kijiweni, mvua ya wastani ni ipi? Wengi wakajibu: ya kiasi, yaani haba. Mmoja akasema ni ile inayotosha. Watu wa kijiwe kimoja, taarifa moja, maana mbili zinazopingana!

Kitaalamu "wastani" hapa ni kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu. Chukua sehemu inayopata milimita 560 kwa mwaka, ambayo ni kawaida kwetu: "wastani" inaweza kuwa 420 na inaweza kuwa 700. Kwa anayepanda mahindi, 420 ni njaa. Kwa anayepanda uwele au mtama, bado kuna kitu ghalani. Na hata hiyo jumla haikwambii kama Februari mvua itakata wiki tatu mimea ikiwa inatoa maua. Kwa hiyo sasa hatusomi neno "wastani" peke yake. Tunasoma, tunataja milimita za wilaya, kisha bwana shamba anasema zao gani linavumilia kiasi hicho. Na tunasema wazi kwamba utabiri ni uwezekano. Msimu ukienda tofauti, tunarudi hewani kueleza, hatujifichi.

Hati safi nitaigusa tu, inatosha uzi wake. Kila Aprili ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikiwekwa mezani bungeni, redio za mikoani zinatangaza "halmashauri yetu imepata hati safi" na watu wanashangilia. Hati safi, au hati inayoridhisha, maana yake hesabu zimeandaliwa na kuwasilishwa inavyotakiwa. Haisemi zahanati imejengwa vizuri, wala haisemi hakuna hoja za mkaguzi. Kijana anayefundishwa kazi anafungua kurasa za hoja za halmashauri yake kabla ya kuandika kichwa cha habari.

Wenzangu mlio kwenye vyumba vya habari mikoani, ninyi mnawanoaje vijana wenu? Na ninyi wataalamu, sisi tunawakera wapi? Karibuni.

Afisa ugani, Mpwapwa:

Mkuu, umegusa pabaya, kwa hiyo nitasema. Mwaka juzi nilihojiwa dakika arobaini kuhusu dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani, na hifadhi ya nafaka. Nilieleza kukausha, kupepeta, mifuko isiyopitisha hewa, jinsi ya kuifunga, kila kitu. Kilichorushwa ni sekunde zisizofika kumi, pale niliposema kwamba mkulima akiuza chakula chote Julai asiilaumu serikali Januari. Nilipigiwa simu na diwani, nikapigiwa na mkuu wangu wa idara. Tangu hapo mwandishi akija namwambia andika maswali, nitajibu kwa maandishi. Ninachotaka ni kuona kipindi kizima kabla hakijaruka. Mkikubali hilo, milango iko wazi.

Mleta uzi:

Bwana shamba, pole sana, na kwa niaba ya fani naomba radhi. Ulichofanyiwa ndicho tunachokifanyia mazoezi ya kukiacha: kijana anatafuta sentensi yenye moto, anaacha ile yenye faida.

Lakini kuonyesha kipindi kizima kabla ya kuruka, hapo sitakubaliana nawe. Leo utakiona wewe kwa nia njema, kesho atataka kukiona yule ambaye kipindi kinamhusu ubadhirifu wake. Tunachofanya ni hiki: mwandishi anamrudia mtaalamu kwa simu na kumweleza kwa maneno yake mwenyewe alivyoelewa, hasa tarakimu, vipimo na hatua za kufuata. Anayesahihishwa ni mwandishi, kwenye ukweli. Ipi itangulie na ipi ikatwe, hiyo inabaki kazi ya mhariri. Na kwa vijana wapya nina sharti moja: kabla ya kumfuata mtaalamu, aende kwanza kwa wakulima watatu aje na maswali yao. Ukiulizwa swali la mkulima kweli, mahojiano yako hayatageuka malumbano ya kisiasa.

Mtangazaji wa kike, Singida:

Kaka shikamoo, na asante kwa uzi. Naomba niongezee jambo ambalo kwetu lilitugharimu.

Tulikuwa tunafanya kipindi cha ukeketaji. Hatukutaja jina la mtoto, tuliona tumefuata maadili. Ila tulisema ni mwanafunzi wa darasa la tano, tukataja kijiji, tukasema baba yake ni fundi baiskeli. Kaka, kijiji kizima kina fundi baiskeli mmoja. Kabla kipindi hakijaisha watu walishajua ni nani, na yule binti aliacha kwenda shule kwa wiki kadhaa. Mama yake alikuja studio. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi pale nje akaniuliza, "Mwanangu, wewe ungekuwa wako ungemwelezea hivyo?" Mpaka leo nikiandika hati ya kipindi namwona amekaa pale.

Sasa tuna zoezi. Kila kisa kinasomwa kwa mtu anayekaa kata hiyo hiyo, anaulizwa: unamjua huyu? Akisema namjua, tunafuta kitu kimoja, tunasoma tena.

Jingine ni takwimu. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulionyesha asilimia 47 ya wanawake wa Dodoma wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Waandishi wanaitaja kana kwamba ni habari ya mwaka ule. Mwanamke wa miaka 40 kwenye hesabu hiyo alikeketwa zamani. Na wachanga wanaofanyiwa kwa siri siku hizi, kwa kisingizio cha kutibu lawalawa (maambukizi ya sehemu za siri), hawamo kabisa kwenye hesabu ile. Tarakimu ikishuka inawezekana kweli mambo yanabadilika, na inawezekana pia umri umebadilika na siri imeongezeka. Mtangazaji asiyefundishwa kuuliza "wamehesabiwa akina nani?" atatangaza ushindi mapema.

Mleta uzi:

Marahaba dada yangu. Hilo zoezi la kumsomea mtu wa kata hiyo hiyo nalichukua, naanza nalo wiki hii. Na lawalawa umefanya vema kuitaja kwa jina lake. Ukisema hewani "mila potofu", bibi anayeamini anamwokoa mjukuu na ugonjwa hajisikii kuguswa. Ukimletea muuguzi aeleze kwamba ni maambukizi ya kawaida yanayotibika zahanati, hapo mnazungumza kitu kimoja.

Mchangiaji, Dar es Salaam:

Mkuu hongera, lakini tuseme ukweli. Hao vijana watano wa msimu mzima walikula nini? Redio za jamii zinaendeshwa na wanaojitolea, anapewa nauli akibahatika. Ukimnoa akaiva anaondoka.

Mleta uzi:

Ni kweli tupu, ndugu. Kati ya wale watano watatu wameshaondoka, wawili kwa vituo vikubwa, mmoja ni afisa habari kwenye taasisi. Nawatakia heri, ila iliniuma.

Kilichotusaidia ni kuacha kuuweka ujuzi kichwani mwa mtu mmoja. Kila mada ina daftari lake studio, la karatasi, maana kompyuta yetu imekufa mara mbili. Ndani yake mna maneno yaliyokubaliwa (tunasema "sumukuvu", hatusemi "ukungu"), wataalamu wanaopatikana, maswali yaliyoulizwa na wasikilizaji, na makosa tuliyoyafanya hewani na siku tulipoyasahihisha. Kijana mpya wiki yake ya kwanza haingii hewani, anasoma daftari. Yule mama wa mkekani yumo ukurasa wa kwanza.

Kuhusu fedha, mradi ukija na hela zake na ujumbe umeshaandikwa, mtangazaji anageuzwa kipaza sauti cha mtu mwingine. Tuliwahi kupewa hati ya kusoma neno kwa neno, hairuhusiwi simu za wasikilizaji. Tulikataa, na miezi miwili umeme ulikuwa shida kulipa. Siku hizi tunawaomba wafadhili kitu kimoja: zile gharama za ukumbi na vitafunwa vya siku mbili, tupeni mafuta ya pikipiki ya msimu mmoja. Wawili wamekubali mpaka sasa.

Mchangiaji, Kondoa:

Mbona hamzungumzii lugha? Bibi yangu Mrangi, Kiswahili cha redioni kinampita. Huko kwenu Wagogo wazee je?

Mleta uzi:

Swali la haki. Kanuni za utangazaji zinataka Kiswahili au Kiingereza, lugha nyingine hadi kibali. Mimi natamani mlango huo upanuliwe kwa vipindi vya afya na kilimo, nasema wazi. Kwa sasa tunafanya lililo ndani ya uwezo: vikundi vya wasikilizaji vijijini. Wanasikiliza pamoja, kipindi kikiisha wanajadili kwa Cigogo, na mmoja wao anatuletea kwa Kiswahili walichoelewa. Mara nyingi ndipo tunapogundua neno letu limekwenda kombo.

Mwanafunzi wa uandishi, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM):

Shikamoo kaka. Niko mwaka wa pili. Nikienda halmashauri kuomba takwimu naambiwa njoo kesho, msemaji hayupo. Mwanzoni kabisa mtu aanzie wapi?

Mleta uzi:

Marahaba mdogo wangu. Andika barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi yenye taarifa siku 30 za kujibu, kwa hiyo peleka mapema, wabaki na nakala yao na wewe ubaki na yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo na tarehe yake una nguvu kuliko kusema "nilikuja mkaniambia kesho".

Wakati unasubiri, usikae bwenini. Panda daladala uende kijiji chochote cha jirani, tafuta ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Mapato na matumizi yanatakiwa yabandikwe pale, na mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ukutane kila miezi mitatu. Nakili kilichobandikwa, tarehe kwa tarehe. Ukikuta ubao mtupu, nakili hilo pia, kisha waulize watu watatu mkutano wa mwisho ulikuwa lini. Rudi na majibu uyaweke hapa, tutayasoma pamoja.